Nikate Paini za Binti Yangu Ili Asome Cambridge?

Shikamoo Mama Mshauri,

Nakuandikia kutoka Mafinga. Naomba usitaje jina langu wala la binti yangu, maana mji wetu ni mdogo na jambo hili tayari limeshafika kwa mashangazi.

Binti yangu ana miaka 17. Alimaliza kidato cha nne mwaka jana, na matokeo ya Januari yakampa daraja la kwanza, pointi 9. Hisabati A, Fizikia A, Kemia A. Kiingereza ndicho kilichomwangusha kidogo, amepata C. Tangu yuko darasa la sita anasema atakuwa mhandisi wa umeme. Redio ya baba yake ameifungua na kuifunga mara nyingi mpaka skrubu zimelegea. Aliomba tahasusi ya PCM, yaani Fizikia, Kemia na Hisabati, na sasa tunasubiri majina ya TAMISEMI, ofisi ya serikali inayowapangia wanafunzi shule. Akichaguliwa anaripoti Julai.

Alipozaliwa, mimi na mume wangu tulianza kupanda paini. Mvua zikianza tunaweka miche, mwaka unaofuata tunaongeza, mpaka zikatimia ekari 5. Unajua huku kwetu miti ndiyo benki. Kila kiangazi tumelima barabara za moto, na kuna Oktoba moja tulikesha siku tatu na majirani tukiupiga moto kwa matawi. Miti ya kwanza sasa ina miaka 16. Nyumbani tunaiita miti ya Dada, kwa sababu yake huyu binti.

Sasa Pasaka shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, alikuja kutoka Dar es Salaam. Ni mtu aliyesoma, na watoto wake wako shule za kimataifa. Alipoona matokeo ya mtoto alifurahi sana, halafu akasema mkimpeleka kidato cha tano cha serikali mmemzika, hakuna chuo cha nje kitakachomtazama. Akasema vyuo vya nje vinaelewa vyeti viwili tu vya kimataifa, Cambridge au IB (International Baccalaureate). Ametutafutia shule mbili. Moja ina A Level ya Cambridge, ada pamoja na bweni milioni 18 kwa mwaka. Nyingine ina IB, na ada yake ni karibu mara nne ya hiyo. Aliposema hivyo baba watoto aliinuka akaenda kuangalia ng'ombe.

Kuna dalali anataka miti yote, ekari 5, kwa milioni 38, fedha mkononi. Amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Nimepiga hesabu: miaka miwili ya A Level ni milioni 36, inabaki milioni 2 ya nauli na sare. Naona kama Mungu ameipanga.

Mume wangu hataki. Anasema mtoto kasoma mtaala wa nchi hii tangu darasa la kwanza, amalize huo huo, na wakubwa wote wa nchi hii wamepita hapo. Hatujagombana, ila siku hizi tunakula kimya. Na mimi pia ninaogopa, kwa sababu jirani yetu alimpeleka binti yake shule ya mtaala wa kimataifa, akapata D na E, nje hakwenda, na hapa ndani alipoteza mwaka akihangaika na karatasi. Yuko nyumbani anauza vocha.

Binti mwenyewe nimemuuliza anataka nini. Anasema, "Mama, mtakavyoamua." Ni mtoto mtiifu. Tuna kijana pia, yuko darasa la tano, huyo bado hana shida.

Mama, mimi mwaka ule nilichaguliwa kidato cha tano. Baba yangu akasema hana nauli ya kunifikisha shuleni, na kweli hakuwa nayo. Mwaka uliofuata nikaolewa. Sitaki binti yangu siku moja aseme mama alikuwa na miti akaiangalia tu.

Nishauri: A Level, IB, au kidato cha tano? Na je, nikate?

Mama wa Paini, Mafinga

*

Marahaba mwanangu. Kamwene.

Kabla ya safu hii nilikuwa mwalimu wa sekondari, na nimewaona wazazi wengi wakija ofisini na fomu mkononi wakiuliza shule ipi ni bora. Wewe umekuja na swali kubwa kuliko hilo, ingawa umeliuliza kwa sauti ile ile. Una miti ya miaka 16, dalali mwenye haraka, shemeji anayejua mambo, mume aliyenyamaza, na binti mwenye pointi 9 anayesema mtakavyoamua. Katikati yao yupo msichana mwingine ambaye hakupata nauli. Nitamrudia huyo, maana nadhani ndiye aliyeiandika barua hii.

Tuanze na maneno ya shemeji yako. Kwamba anampenda mtoto, sina shaka. Lakini amesema jambo moja kana kwamba ni sheria ya nchi zote, nalo si sheria. Nje si mahali pamoja. Kila nchi ina mlango wake, na ufunguo wa mlango mmoja hauhitajiki kwenye mwingine.

Vyuo vya Marekani, kwa sehemu kubwa, humpokea mwombaji na cheti cha sekondari cha nchi yake. Mtoto wa Tanzania anaomba kwa matokeo yake ya NECTA, baraza letu la mitihani, alama za shuleni, barua za walimu, insha anazoandika mwenyewe, na mara nyingi mtihani wa Kiingereza kama TOEFL au IELTS. Vyuo vingine huongeza SAT, mtihani wao wa kujiunga na chuo. Wapo Watanzania waliokwenda huko kutoka kidato cha sita cha kawaida kabisa, shule za serikali zikiwemo. A Level au IB vinasaidia, na chuo kingine hata humpunguzia mwanafunzi masomo ya mwaka wa kwanza akiwa na alama za juu, lakini asiye navyo hafungiwi.

Uingereza ni habari nyingine, na hapa shemeji yako ana hoja ambayo sitaki kuificha. Huko A Level ndiyo lugha ya nyumbani. Vipo vyuo vinavyokipokea cheti chetu cha kidato cha sita moja kwa moja, kila kimoja kikitaja alama zake. Vingine humtaka mwenye cheti hicho asome kwanza mwaka wa msingi, na mwaka huo unalipiwa kwa pauni. Kwa hiyo kama ndoto ni Uingereza hasa, A Level inaweza kumwokolea binti mwaka mzima. Ujerumani nao hawaishii kwenye jina la cheti. Wanafungua na kuhesabu masomo yaliyomo ndani, na asiyetimiza hupitia mwaka wa maandalizi wenye mtihani mwishoni. Na shahada nyingi za kwanza huko hufundishwa kwa Kijerumani.

Kwa hiyo nikuulize, mwanangu, kwa upole: nje ipi? Katika barua yako yote sijaiona nchi hata moja.

Na neno moja kuhusu jina. Cambridge mnayoizungumza ni mtihani. Nimeshakutana na mzazi aliyeamini kwamba mtoto akisoma Cambridge hapa nchini atapelekwa Chuo Kikuu cha Cambridge kule. Najua wewe huenda huamini hivyo, lakini jina hili lina uzito, linaweza kumpendeza mtu kabla hajauliza ndani yake kuna nini.

Ndani yake kuna kitu ambacho baba watoto angekitambua. A Level ni masomo matatu, wakati mwingine manne, yanayochimbwa kwa kina kwa miaka miwili. Binti anayetaka uhandisi wa umeme angechukua Hisabati na Fizikia, na la tatu kama Kemia. Je, hiyo si PCM? Mifumo hii ni ndugu. Nchi yetu ilikuwa kwenye mitihani ya Cambridge enzi za wazee wetu, ikajitoa kwenye baraza la mitihani la Afrika Mashariki mwaka 1971, NECTA ikaanzishwa kisheria mwaka 1973, na umbo la kidato cha tano na sita likabaki na sura ya mzazi wake. Mtoto wa PCM hatakuwa mgeni kwenye A Level. Tofauti ataiona kwenye namna maswali yanavyoulizwa, kwenye maabara, na kwenye kalenda. Cambridge wana mitihani Mei na Juni, tena Oktoba na Novemba, kwa hiyo aliyeteleza anaweza kurudia baada ya miezi michache. Aliyeteleza kidato cha sita husubiri Mei ya mwaka unaofuata.

IB si ndugu wa PCM. Ilianzia Geneva mwaka 1968, na inamtaka mwanafunzi abebe masomo sita kwa pamoja: lugha mbili, somo la jamii, sayansi, hisabati, na la sita ambalo laweza kuwa sanaa au sayansi nyingine. Matatu anayasoma kwa ngazi ya juu. Kila somo lina alama 1 hadi 7. Juu ya hayo kuna somo la kutafakari namna tunavyojua mambo, kuna shughuli za kujitolea na michezo, na kuna insha ya utafiti inayofika maneno 4,000. Vyote vikijumlishwa kilele ni pointi 45, na diploma yenyewe hutaka angalau 24 pamoja na masharti mengine.

Ni elimu nzuri sana, na ninaipenda. Inamfundisha kijana kuuliza maswali. Kiswahili pia kimo katika lugha zinazoweza kusomwa humo, jambo linalonifurahisha. Lakini fikiria binti yako mwenye C ya Kiingereza akiandika insha ya maneno 4,000 kwa lugha hiyo, huku akisoma fasihi na uchumi ambao hakuuomba, wakati moyo wake uko kwenye waya na transista. Wengine hapo ndipo wanapochanua. Wengine huchoka mpaka Fizikia waliyoipenda nayo inawachosha. Na kuna mtego mdogo ambao wazazi hawaambiwi: hisabati ya IB iko ya aina mbili, na vyuo vingi vya uhandisi hutaka ile ya uchambuzi, tena kwa ngazi ya juu. Mtoto akichagua nyingine bila kujua, anafika mwisho ana diploma na hana uhandisi.

Sasa fedha, na hapa nitakaa kidogo.

Umepiga hesabu vizuri: 38 toa 36, inabaki 2. Lakini hesabu hiyo inaishia siku binti anapokabidhiwa cheti. Chuo kikuu hakijaanza. Vyuo vya Uingereza humtoza mwanafunzi wa kigeni wa uhandisi zaidi ya pauni 20,000 kwa mwaka katika sehemu nyingi, na chakula na chumba viko nje ya hapo. Ujerumani vyuo vingi vya umma havitozi ada kubwa, lakini kabla ya viza hutaka kuona mwanafunzi ana fedha za kuishi mwaka mmoja, zaidi ya euro 11,000. Marekani kuna vyuo vichache, kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst, vinavyompokea hata mgeni bila kuangalia mfuko wa mzazi na kumgharimia pengo lote. Wanaoingia humo ni wachache mno, na wanaokosa wengi wao ni watoto wenye alama safi.

Unaona ninapoelekea. Cheti cha milioni 36 kinaweza kumfikisha binti mlangoni, kisha mlangoni akaulizwa fedha ambazo zilikuwa shambani. Shemeji yako anapozungumza, yeye ana mshahara utakaolipa chuo. Wewe una miti, na mti unakatwa mara moja.

Sisemi usikate. Nasema muulize shemeji swali hili waziwazi, mbele ya mume wako, kwa heshima: "Tukimaliza miaka miwili, chuo atalipa nani?" Kama jibu ni yeye, aseme ni kiasi gani. Kama jibu ni ufadhili, aseme ni ufadhili upi, na je, huo unadai cheti cha Cambridge? Mwingi haukidai.

Kuhusu binti wa jirani: hakuharibiwa na mtaala. Kilichomkuta ni kwamba njia ya kurudi ilikuwa na vikwazo ambavyo hakuna aliyemwambia mapema. Mwenye A Level au IB anaweza kabisa kuingia chuo kikuu hapa nchini, iwe MUST, chuo cha sayansi na teknolojia pale Mbeya, au Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lakini cheti chake lazima kwanza kipelekwe NECTA kilinganishwe na chetu, na ufaulu utazamwe kwa vigezo vya hapa. Hilo lifanywe mara matokeo yanapotoka, si baada ya dirisha la udahili kufungwa. Kuna jambo jingine la kulipima. Wenzake wa kidato cha sita wanaofaulu juu kabisa kwenye tahasusi za sayansi, tangu mwaka wa masomo 2022/2023, wamekuwa na Samia Scholarship, ufadhili wa serikali kwa vyuo vya hapa nchini. Binti mwenye pointi 9 na A ya Fizikia si wa kupuuzwa kwenye mbio hizo. Akiondoka kwenye mstari wa NECTA, anaondoka pia kwenye mstari huo.

Na kidato cha tano cha serikali? Ada imeondolewa tangu mwaka 2022, mnabaki na michango, sare, nauli na matumizi. Miti inabaki imesimama. Lakini nisikudanganye kwamba njia hii ni tambarare kwa anayetaka kwenda nje. Madarasa yanajaa. Maabara ni ya kupokezana. Walimu wetu ni hodari, ila wengi hawajawahi kuandika barua ya kumpendekeza mwanafunzi kwa chuo cha nje, wala kukisia alama atakazopata, na barua hizo zinatakiwa mwezi Desemba au Januari wakati mtoto yuko katikati ya kidato cha sita. Kisha anafanya mtihani Mei, anaitwa JKT kwa mafunzo ya Jeshi la Kujenga Taifa, matokeo yanatoka Julai, na chuo cha Marekani kinafungua Agosti. Wengi huona bora kusubiri mwaka mmoja na kuomba wakiwa na matokeo mkononi. Mwaka huo si hasara kama umepangwa. Usipopangwa, msichana akiwa nyumbani mwaka mzima, wewe unajua kuliko mimi yanayotokea.

Kuna njia nyingine mbili ambazo hamkuzitaja sebuleni siku ile.

Ya kwanza ni IB kwa ufadhili. UWC East Africa, shule ya mtandao wa United World Colleges yenye kampasi Moshi na Arusha, inafundisha IB, na shule za UWC duniani huchukua vijana kupitia kamati za kila nchi, zikitoa ufadhili kulingana na uwezo wa familia. Wanaopata ni wachache, na kuna kikomo cha umri. Binti ana 17, kwa hiyo swali la umri liulizwe wiki hii. Ila kuomba hakuli ekari 5. Na wanaohitimu huko wana mpango wa ufadhili unaowapeleka vyuo vingi vya Marekani, kwa hiyo hapo, tofauti na shule ya milioni 18, cheti na fedha ya chuo vinaweza kutembea pamoja.

Ya pili ni kusoma shahada ya kwanza hapa, uhandisi wa umeme kwa miaka minne, kisha shahada ya pili nje. Huko ufadhili wa Chevening wa Uingereza, DAAD wa Ujerumani na ule wa Jumuiya ya Madola upo kwa ajili ya watu wa namna hiyo. Mlango huo ukifika, hakuna atakayeuliza kama ulifanya NECTA au Cambridge, wataangalia shahada na kazi uliyoifanya. Najua njia hii haina mng'aro wa kumsindikiza mtoto wa miaka 19 uwanja wa ndege. Inataka subira ya miaka 6 au 7. Lakini wewe umepanda mti ukausubiri miaka 16, subira si kitu kigeni nyumbani kwako.

Na miti yenyewe. Wewe ndiye mtaalamu, mimi ni mla viazi tu. Lakini niambie: kwa nini yote? Barua yako inasema mlipanda kidogo kidogo, kwa hiyo ekari hizo hazina umri mmoja. Je, ya miaka 16 ikiachwa minne mingine inaongeza mbao kiasi gani? Je, kuna kupunguza, ya kuuza sasa ikawa ekari moja au mbili, za kumlipia kozi nzuri ya Kiingereza, ada za mitihani na maombi, na nyingine zikabaki? Je, umewahi kumwita mnunuzi wa pili akatoa bei yake? Dalali aliyekupa mpaka mwisho wa mwezi ana sababu zake. Mwisho wa mwezi ni wake, si wa binti yako. Kidato cha tano kinaanza Julai na shule hizo nyingine zitafungua baada ya hapo.

Umenitajia kijana wa darasa la tano kwa mstari mmoja, ukasema hana shida. Miti inaitwa ya Dada. Anapoisikia ikiitwa hivyo, yeye anajua ipi ni yake? Sisemi ili kukutia hatia. Miaka michache ijayo atakuwa na matokeo ya kidato cha nne mkononi, na mtakuwa mmekaa sebule ile ile.

Mume wako naye. Umeandika kwamba hataki, na umenieleza sababu zake kuhusu mtaala. Huenda ni hizo kweli. Lakini mwanamume aliyekesha siku tatu akipiga moto kwa matawi, akaambiwa na mdogo wake ndani ya nyumba yake kwamba mpango wake ni kumzika mtoto, akainuka akaenda kwa ng'ombe: hapo pengine hapakuwa na neno lolote juu ya Cambridge. Mtafute peke yake. Usimuulize kuhusu shule. Muulize miti hiyo alipokuwa anaipanda alikuwa anaona nini.

Na sasa nimrudie msichana yule wa nauli. Mwanangu, ulichokikosa kilikuwa kidato cha tano. Kilikuwa hicho hicho ambacho shemeji anakiita kaburi na ambacho binti yako anakisubiri kwenye orodha ya TAMISEMI. Kwako kilikuwa dunia nzima. Nimekaa na sentensi yako ile ya mwisho kwa muda mrefu. Unaogopa binti aseme mama alikuwa na miti akaiangalia tu. Lakini hakuna siku uliyoiangalia tu. Uliipalilia, ukailinda, na mtoto amekua akiona hivyo. Ukiikata, ikatwe kwa sababu njia ya binti inaihitaji. Isikatwe kumlipia nauli yule msichana mwingine, maana deni lake halilipiki kwa mbao, hata zikiwa ekari 50.

Hapo ndipo "mtakavyoamua" inaponisumbua. Umeiita utii. Inawezekana. Lakini mtoto anayejua kwamba kila njia ina bei, na kwamba bei ni miti ya wazazi wake na ukimya mezani, atasema nini kingine? Hawezi kutamani kwa sauti. Pengine anataka kwenda nje na anaogopa kuwamaliza. Pengine anataka PCM na wenzake na anaona aibu kukataa zawadi. Hatutajua mpaka apewe nafasi ya kusema bila bei mbele yake.

Kwa hiyo, kabla ya dalali, kabla ya fomu, mpe karatasi. Mwambie aandike ukurasa mmoja: anataka kutengeneza nini maishani, na kwa nini umeme. Aandike kwa Kiswahili kwanza, kisha kwa Kiingereza chake chenye C. Asiandike habari za shule wala nchi wala fedha. Msimsaidie. Vyuo vya nje vitamdai ukurasa kama huo, na UWC pia, kwa hiyo kazi yake haitapotea vyovyote mtakavyoamua. Mkishausoma wewe na baba yake, mkiwa wawili, nitumie na mimi nakala. Ningependa sana kusoma habari za redio ile.

Mama Mshauri